Msomaji Hasahau: Barua za Wapenzi wa Chui Mweusi na Somo Lake kwa Darasa la Kiswahili

Miongoni mwetu sisi walimu wa Kiswahili imekuwapo kwa muda mrefu dhana ya kwamba hadithi za picha ni adui wa lugha. Mwanafunzi akikutwa na kitabu cha katuni chini ya dawati hunyang'anywa, naye huambiwa aende akasome riwaya. Mwandishi wa makala haya aliishika dhana hiyo kwa miaka mingi, na hata sasa hajaiacha yote. Nia ya makala haya ni kuichunguza upya kwa kutazama jambo moja ambalo wahakiki wetu hawajalijali: yale ambayo wasomaji wa hadithi za picha huyasema, na hasa huyaandika, mara toleo jipya linapowafikia.

Mfano tutakaoutumia umetoka mbali, Marekani. Lakini tumeusomea Musaga, kwenye mteremko wa kusini wa jiji la Bujumbura, mahali ambapo ukisimama jioni huliona Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo yake. Kama itakavyoonekana, mahali pa kusomea si jambo dogo.

Hadithi yenyewe na jinsi ilivyokatika

Chui Mweusi, ambaye kwa Kiingereza huitwa Black Panther, alizaliwa katika toleo la 52 la jarida la Fantastic Four, lenye tarehe ya Julai 1966. Waliombuni ni Stan Lee, mwandishi, na Jack Kirby, mchoraji. Jina lake halisi ni T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Afrika iitwayo Wakanda. Nchi hiyo haikutawaliwa na wageni kamwe. Utajiri wake ni madini yaitwayo vibranium, yaliyoletwa na kimondo kilichoanguka kutoka angani, na kwa madini hayo watu wake wamejenga mitambo inayozishinda ya mataifa makubwa. Toleo lililofuata latueleza kwamba baba yake mfalme, T'Chaka, aliuawa na mgeni mmoja aitwaye Klaw, aliyekuja na silaha kuyatwaa madini hayo. Basi hii ni bunilizi ya kisayansi, lakini kiini chake ni swali la kale: mali iliyo ardhini ni ya nani?

Kwa miaka kadhaa Chui Mweusi alikuwa mgeni tu katika hadithi za wengine. Mambo yalibadilika katika toleo la 6 la jarida liitwalo Jungle Action, la Septemba 1973. Inafaa kukumbukwa kwamba jarida hilo lilikuwa limeanza kwa kuchapisha upya hadithi za zamani za mashujaa weupe wa porini, wale wanaoruka mitini na kuwaokoa Waafrika wasiojiweza. Mwandishi kijana, Don McGregor, alikabidhiwa kurasa hizo, akairudisha hadithi Wakanda na kuwajaza wahusika karibu wote weusi. Baadaye alipata mchoraji aliyekuwa mweusi mwenyewe, Billy Graham. Hadithi yake ya kwanza ilienea katika matoleo 13, hata Novemba 1975. Mfalme anarudi nyumbani baada ya kukaa mno Marekani, akuta nchi imechafuka, na mwasi aitwaye Killmonger anawauliza wananchi: mfalme wenu alikuwa wapi? Hadithi ya pili, iliyoanza Januari 1976, ilimpeleka mfalme katika jimbo la Georgia, kupambana na kundi la Ku Klux Klan na kutafuta aliyemwua dada wa mpenzi wake, Monica Lynne.

Jarida lilitoka mara moja kila miezi miwili. Basi mpenzi wa hadithi alikuwa akingoja siku sitini ili asome kurasa chache, kisha akingoja tena. Toleo la 24, la Novemba 1976, likawa la mwisho. Hadithi ya Georgia haikuwa imekwisha. Mwuaji hakujulikana.

Miezi miwili baadaye, Januari 1977, likatoka toleo la 1 la jarida jipya lenye jina la Black Panther lenyewe. Mwandishi, mchoraji na mhariri wake alikuwa Jack Kirby, yule yule mmoja wa waliombuni shujaa huyu miaka 11 nyuma. Msomaji aliyengoja kumjua mwuaji alifungua ukurasa wa kwanza akakuta chura wa shaba. Chura huyo ni mtambo wa Mfalme Suleimani wa kusafiri katika wakati, na matajiri wa dunia wanamgombania. Georgia haipo. Monica hayupo. Killmonger hatajwi.

Waliyoyasema wasomaji

Majarida ya Marekani ya wakati huo yalikuwa na ukurasa wa barua, na katika ukurasa huo wasomaji walikuwa wakisifu, wakilaumu, wakisahihisha makosa na kujibizana. Chura wa Kirby aliwagawa wasomaji makundi mawili. Kundi moja lilifurahi: mkongwe amerudi, mkono wake una nguvu, kila picha inakurukia kama jiwe lililotupwa. Kundi la pili lilikasirika. Nalo halikukasirika kwa sababu hadithi ya chura ilikuwa mbaya, maana wengine walikiri kwamba inachekesha na inasisimua. Lilikasirika kwa sababu ahadi ilikuwa imevunjwa.

Ni rahisi kuwacheka watu wazima wanaoghadhibika kwa ajili ya mfalme wa karatasi. Lakini tuipime hoja yao kwa mizani ya fasihi. Hadithi ya mfululizo ni mkataba. Mtambaji anapokatiza ngano usiku na kuwaambia watoto warudi kesho, amewakopa. Akija kesho na ngano nyingine, watoto watamwuliza, “Na yule msichana aliyekuwa mtini?” Hapo hawamfanyii utovu wa adabu, wanamdai. Wasomaji wa mwaka 1977 walikuwa wakidai. Mchapishaji alikuwa na sababu zake za kibiashara, mhariri alikuwa na mambo mengi, lakini msomaji alikuwa na jambo moja tu, nalo alilikumbuka.

Na deni hilo lililipwa, ijapokuwa kwa kuchelewa. Katika matoleo ya 51 hadi 53 ya jarida liitwalo Marvel Premiere, mwishoni mwa 1979 na mwanzoni mwa 1980, mwandishi mwingine alitakiwa aimalize ile hadithi ya Georgia. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Ikiwa msomaji angalinyamaza, ni vigumu kuamini kwamba mtu yeyote angalijisumbua.

Hata hivyo, haki yatutaka tumtetee Kirby kidogo. Mtunzi ana uhuru wa kuacha njia ya mtunzi mwenzake. Tena chura wake, kwa upande wa bunilizi ya kisayansi, ni wazo halisi: kitu kidogo kinachofungua mlango wa wakati na kuwatoa humo watu wasiotakiwa. McGregor, kwa upande wake, alikuwa na udhaifu wa maneno mengi. Kuna kurasa zake ambazo maandishi yamezifunika picha hata mchoraji anaonekana kuomba nafasi. Kosa la Kirby halikuwa katika kuanza upya. Kosa lilikuwa katika kuanza upya bila hata sentensi moja ya kumtambua aliyekuwa akingoja. Kwa lugha yetu, aliingia nyumbani mwa watu bila kubisha hodi.

Majibizano si mageni kwetu

Mwalimu wa Kiswahili hana haja ya kwenda Marekani ili ajue nguvu ya msomaji anayejibu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi ambamo mtunzi alitoa fumbo au hoja, na watunzi wengine wakamjibu kwa bahari ile ile na vina vile vile. Aliyeshindwa kujibu aliaibika mbele ya nchi nzima. Desturi hiyo iliendelea katika magazeti yaliyofuata, bara na pwani. Je, nini tofauti kati ya mshairi wa Tanga anayemjibu mwenzake wa Lindi katika gazeti, na kijana wa Chicago anayemwandikia mhariri wa katuni? Mmoja alifungwa na vina na mizani, mwingine hakufungwa. Lakini wote wawili walikataa kuwa chombo kinachojazwa tu. Walisoma wakiwa na kalamu mkononi.

Hata hadithi za picha zenyewe zina historia kwetu. Wakenya wa rika nyingi walikua na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, na Watanzania walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Karibu na siku zetu, mwaka 2010, Kenya ilianza kutoa Shujaaz, jarida la picha ambalo mhusika wake mkuu, kijana aitwaye Boyie, ameunda redio ya siri chumbani mwake na kurusha sauti yake hewani. Lugha yake ni Sheng, jambo ambalo wengi wetu hatukulipenda. Lakini wasomaji wake walituma ujumbe kwa simu, na walichokisema kilisikilizwa. Ukurasa wa barua haukufa, ulihamia mfukoni.

Jaribio la Musaga

Sasa tuje nyumbani. Jumamosi alasiri nafundisha kikundi kidogo cha vijana Musaga. Wengi wao lugha ya nyumbani ni Kirundi. Kifaransa ni cha shule, na Kiswahili wamekiokota sokoni na katika mabasi kabla ya kukutana nacho katika vitabu. Mmoja wao alileta nakala kuukuu za Chui Mweusi alizoachiwa na nduguye. Badala ya kuzinyang'anya, niliamua kufanya jaribio. Kwa majuma manne niliwasimulia kwa Kiswahili, picha zikipita mikononi mwao, hadithi ya Killmonger na mwanzo wa ile ya Georgia. Juma la tano, pale waliponingoja niendelee, nikawapa chura wa Kirby bila maelezo. Kisha nikawaomba kila mmoja amwandikie mhariri barua kwa Kiswahili.

Kwanza walicheka, na kicheko chao kilikuwa uhakiki wa lugha. Jina la Wakanda liliwachekesha tangu siku ya kwanza, maana kwa sarufi ya Kiswahili ni kitenzi kamili. “Wakanda nini, Mwalimu?” aliuliza msichana mmoja. “Unga au udongo?” Halafu wakaziuliza zile ritifaa katika majina ya T'Challa, N'Jadaka na W'Kabi. Kwetu ritifaa ina kazi: hutofautisha ng'ombe na ngoma. Katika majina haya haina kazi yoyote ila kumwambia msomaji wa ng'ambo, “Hapa ni Afrika.” Ni pambo la mgeni. Vivyo hivyo Kirby alipohitaji nchi nyingine ya Kiafrika aliiita Narobia, na hakuna mwanafunzi aliyehitaji kuambiwa ameutoa wapi mji huo. Hata filamu ya mwaka 2018, iliyoiweka Wakanda katika pande zetu hizi za Afrika, iliwapa wahusika wake lugha ya Kixhosa, ya kusini kabisa mwa bara. Kixhosa ni lugha tukufu, lakini jirani ana haki ya kushangaa.

Jina moja tu halikuwachekesha kwa dharau. Mwishoni mwa hadithi ya kwanza, Killmonger hauawi na mfalme. Anasukumwa kutoka juu ya maporomoko ya maji na mtoto mdogo aitwaye Kantu. Darasa lilinyamaza, kisha wote wakasema pamoja, “Akantu!” Kwa Kirundi akantu ni kitu kidogo. Sidhani kwamba McGregor alijua. Lakini kwa mara moja jina la kubuni lilikuwa limegonga mlango wa kweli: kitu kidogo ndicho kilichomaliza vita vya wakubwa.

Barua zao zilikuja juma lililofuata. Kuna zilizosema tu hadithi ni nzuri au ni mbaya, na hizo tuziache. Msichana yule wa unga na udongo alimwandikia mhariri kwamba chura ana uwezo wa kurudi nyuma katika wakati. Basi kwa nini mfalme asimtumie kurudi Georgia akamwone mwuaji kwa macho yake? Tazama hoja hiyo. Ameichukua silaha ya mtunzi mpya akaitumia kumdai deni la mtunzi wa zamani. Sijapata kusoma pendekezo lililo bora kuliko hilo, hata kutoka kwa watu wazima.

Barua ninayotaka kuizungumzia zaidi ilikuwa ya kijana mmoja mkimya anayekaa nyuma. Yeye hakujali chura wala Georgia. Aliandika juu ya vibranium. Alisema kwamba katika milima ya Gakara, kusini ya jiji letu, kuna madini adimu ambayo Wabelgiji waliwahi kuyachimba. Kwamba uchimbaji ulianza tena mwaka 2017. Na kwamba mwaka 2021 Serikali iliusimamisha, ikidai nchi haipati fungu lake la haki. Akaongeza nikeli ya Musongati, ambayo kila mtu huitaja. Kisha akauliza: Wakanda ilifaulu kwa sababu iliyaficha madini yake, lakini sisi tuliokwisha kujulikana tufanye nini? Mbona mwandishi hakutufikiria? Swali lake aliliandika hivi: “Hii madini iko ya nani?”

Nami, kwa mazoea ya miaka mingi, nikachukua kalamu nyekundu. Nikasahihisha: madini haya ni ya nani. Nikapata makosa 14 katika ukurasa mmoja, yote ya Kiswahili cha mitaani kwetu, nikayahesabu pembeni, nikamrudishia. Juu ya hoja yake sikuandika neno. Jumamosi mbili zilizofuata hakuja.

Hapo nilimwelewa msomaji wa mwaka 1977 kuliko nilivyomwelewa kwa kusoma habari zake. Kijana yule alikuwa ametoa ghala lake lote mbele yangu, nami nikamwonyesha chura. Alikuwa ameuliza jambo, akangoja juma zima, akajibiwa jambo jingine. Tena nilichokisahihisha kilikuwa kweli ni kosa. Upatanisho wa sarufi ni kazi yangu na nitaendelea kuufundisha. Ila nilianzia mwisho. Mwalimu anayesahihisha sentensi kabla ya kuijibu amemfundisha mwanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha ya kukosea, wala si lugha ya kuuliza.

Nilimwandikia barua, nikampelekea kwa mkono wa mwenzake. Nilimwambia kwamba swali lake ndilo swali la hadithi nzima, na kwamba Lee na Kirby walilikwepa kwa kuifanya Wakanda nchi ambayo haijawahi kushindwa. Nchi isiyoshindwa haina haja ya kujua jinsi ya kudai ilichonyang'anywa. Killmonger peke yake, yule adui, ndiye aliyejua kudai, na labda ndiyo maana wasomaji wengi humkumbuka kuliko wanavyomkumbuka mfalme. Makosa ya sarufi niliyaweka chini kabisa ya barua, matatu tu, yale makubwa.

Jumamosi ya tatu alirudi, akakaa mahali pake nyuma. Hakusema lolote juu ya barua yangu. Lakini alikuwa na karatasi nyingine.

Tamati

Kutokana na haya tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wenzetu. La kwanza, barua kwa mhariri ipewe nafasi katika ufundishaji wa fasihi sawa na insha ya uhakiki, maana humlazimu mwanafunzi kutaja alilolisoma, kusema alilolitarajia na kutetea tofauti kati ya hayo mawili. Hadithi ya picha itafaa kwa kazi hiyo kama riwaya ifaavyo, ikiwa mwalimu ataisoma kwa makini ule ule. La pili, barua hiyo ijibiwe kabla ya kusahihishwa.

Ama kuhusu bunilizi ya kisayansi kwa Kiswahili, hatuna budi kukiri kwamba rafu yetu bado ina nafasi nyingi tupu. Kimondo tunacho, chuma tunacho, chura wanapiga kelele kila usiku wa mvua huko Musaga. Wasomaji nao wapo, wana kalamu, na kwa ushahidi wa karatasi zilizo mezani pangu, wanajua kudai.